Mishale ya Nkwabi

Mzee mmoja alikuwa na njia. Msicheke. Wengine wana ng'ombe, wengine wana mashine ya kukoboa, huyu alikuwa na njia, na ndiyo iliyoilisha nyumba yake.

Aliitwa Shigela. Njia yake ilianzia nyuma ya soko la Mwandutu ikaishia ziwani, na ilikwenda ndani kwa ndani, katikati ya majaruba ya mpunga na nyua za watu, mbali na lami. Lori halikupita huko. Pikipiki ikipita, ujue mwenyewe amepotea. Ukiendesha baiskeli huko unasikia mnyororo wako, unasikia ndege, unasikia mtu anakohoa shamba la tatu. Watu wa mjini waliochoka kupigiwa honi na kusukumwa mitaroni walikuwa wanamlipa Shigela awapitishe huko kutwa nzima, taratibu, wakiangalia dunia tu. Wenye akili nyingi hapa mtashangaa mtu kulipia kimya. Mimi niliyeacha shule darasa la sita sishangai. Nimelala jirani na gereji.

Njia ile haikuwa na kibao, na haikukaa mahali pamoja. Mvua ikija, huyu anakata jaruba jipya, yule anahamisha zizi, maji nayo yanajichagulia pa kulala, basi njia inasogea. Kila nyumba ilijua njia mpaka nyumba inayofuata. Zaidi ya hapo haikujua, wala haikujidai kujua.

Kwa hiyo Shigela alikuwa na desturi. Akifika kwenye nyumba ya mtu, anashuka. Hapigi kengele na kupunga mkono akiwa juu ya kiti kama mgombea wa udiwani. Anashuka, anaegemeza baiskeli, wageni wake nao wanashuka, anasalimia mpaka salamu ziishe, na salamu za Kisukuma haziishi leo wala kesho. Mnaonaje mvua, ng'ombe wamerudi, yule mtoto homa imeshuka? Ndipo anauliza, "Leo tunapita wapi?" Mtu amezaliwa pale, ameoa pale, na bado anauliza njia kama mgeni.

Magoti yalipomkataa, akamwachia kazi mwanawe, Nkwabi. Huyu alikuwa na miguu ya chuma, alikuwa na baiskeli ya gia, alikuwa na sura, nusu yangu hivi. Na alikuwa na aibu. "Baba," alisema, "mwenye njia anaulizaje njia? Watu watasema mtoto wa Shigela ni mshamba kwao wenyewe." Baba yake akamtazama, akaendelea kujikanda goti.

Safari ya kwanza Nkwabi alikwenda peke yake. Alishuka kila nyumba, akauliza kila nyumba. Lakini nyuma kwenye karia alifunga kopo la rangi nyeupe, na kila alipojibiwa alichora mshale: kwenye mti, kwenye jiwe, kwenye kisiki, hata kwenye kichuguu. Alirudi nyumbani mikono myeupe. Akasema, "Nimemaliza kuuliza."

Kuanzia hapo yeye na wageni wake walikuwa wanaruka. Wageni walifika ziwani jua bado liko juu. Mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa anawaleta wageni hao alimpiga Nkwabi bega, akasema mzee alikuwa anawapotezea watu siku kwa kupiga soga. Kisha akamwambia jambo jingine, na hakuwa anatania: siku utakapowachelewesha wageni wangu kufika ziwani, nawahamishia barabara kuu, na njia yenu mtapita na mbuzi.

Nyumba za njiani zikabaki kuona migongo. Kengele, vumbi, basi. Mama mmoja aitwaye Ng'walu, ambaye alizoea kumwekea Shigela mtungi wa maji chini ya ua wa minyaa, aliuacha pale siku kadhaa, kisha akaurudisha ndani.

Mvua zikaja. Zilinyesha kama zinadai. Zilipopungua, Nkwabi akachukua wageni wa kwanza wa msimu, akatangulia. Rangi ilikuwa nzuri, haikufutika hata kidogo. Mshale ukasema kushoto, akakata kushoto. Aliona majani marefu njiani, majani ya mahali pasipokanyagwa, akayaona vizuri kabisa, na akajiambia mshale ni wangu, nimeuchora mwenyewe. Mshale uliofuata ulikuwa kwenye kisiki, na kisiki kilikuwa kimesimama ndani ya maji. Kilionyesha mbele. Akaenda mbele.

Na wageni wakaenda nyuma yake, maana mgeni kazi yake ni kufuata. Baiskeli zikazama mpaka kwenye ekseli. Mmoja akaangukia ubavu, mwingine akatoka na kiatu kimoja. Walikuwa katikati ya jaruba jipya la Ng'walu, juu ya miche aliyoipanda jana.

Ng'walu na wenzake walikuwa wameinama jaruba la pili. Wakainuka. Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, akaita, "Karibuni! Lakini sisi huku tunapanda mpunga, hizo baiskeli hazioti!" Wakacheka wakashikana. Nkwabi hakucheka. Alikuwa na tope mpaka kifuani na alikuwa anaiona kazi ya baba yake inazama pamoja na magurudumu.

Akafoka, "Mama, mmehamisha njia, na mnajua mimi napita huku. Mbona mmenyamaza?"

Ng'walu alijifuta mikono kwenye khanga, wala hakuwa na haraka.

"Tuliona mishale, mwanangu. Tukajua huna swali."

Hapo pakawa kimya, kile kimya ambacho watu walikilipia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Upande wa mashariki, si mbali, lori lilisikika linabadilisha gia. Nkwabi alijua kwamba akiwatoa wageni mpaka lami, wangewahi ziwani, naye angebaki na kazi. Akakamata usukani. Lakini mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye tope mpaka sikioni, hakuwa anamtazama Nkwabi tena. Alikuwa anamtazama Ng'walu. Akauliza, "Kwani njia ilihamia wapi? Na kwa nini?" Ng'walu akamwonyesha maji yalikotoka, yalikopinda, na mahali yalipoikuta njia. Mwingine akauliza mche unapandwaje. Akaonyeshwa. Kabla Nkwabi hajasema lolote, wageni walikuwa wameinama majini, wanaipanda upya ile miche waliyoivunja, wanaipanda vibaya, na wale wanawake wanaing'oa nyuma yao na kuirudishia wakicheka.

Nkwabi akaachia usukani. Akatoka majini, akazunguka ua wa minyaa mpaka mlangoni kwa Ng'walu, akasimama kama anayefika sasa hivi. Ng'walu akaja. Wakaanza salamu mwanzo, na hawakuruka hata moja. Mtungi ukatolewa nje. Ndipo akauliza, "Leo tunapita wapi?"

Akaelekezwa mpaka nyumba inayofuata. Basi.

Walifika ziwani kiza kinaingia. Mfanyabiashara alikuwa amesimama anawasubiri, na aliyoahidi akayatimiza papo hapo. Wageni wake wote waliofuata wakapelekwa barabara kuu, kwenye malori na honi. Nyumba ya Shigela ikala ugali na mlenda majuma mengi, na Nkwabi akarudi njiani na panga, anakwangua mishale, mti kwa mti. Kila alipokwangua, mtu alitoka kumuuliza anafuta nini, ikabidi ashuke na kueleza. Mzee hakumlaumu. Jioni alimuuliza tu, "Yule mtoto wa nyumba ya mlimani, homa yake iliishaje?" Na Nkwabi alikuwa na jibu.

Siku moja asubuhi kengele za baiskeli zikalia uani kwa Shigela. Ni yule mama wa tope sikioni, na wenzake, na wengine wapya. Hawakuletwa na mfanyabiashara. Namba ya simu hawakuwa nayo. Walianzia sokoni Mwandutu, wakashuka kila nyumba, wakasalimia kwa Kisukuma kibovu cha kuchekesha, wakauliza, mpaka wakafika. Nkwabi akatoa baiskeli yake.

Mimi nimemaliza, mnaweza kuanza kuniambia mmeelewa. Lakini hapa ndani yumo baba aliyemuuliza mkewe anapenda nini, mwaka ule wa harusi, akapaka rangi. Yumo aliyemuuliza Mungu mara moja, akiwa kijana, mpaka leo anaendesha tu. Nawe unayetabasamu ukimtazama jirani yako: mshale wako umechorwa wapi, na tangu lini hujashuka?