Redio Chini ya Kitanda cha Marehemu

Redio haikai matanga. Shangazi yenu kaitamka asubuhi hii nanyi mkaangua kicheko, eti redio ina jamaa gani wa kumlilia? Haya, endeleeni kupukuchua mahindi. Wenye kazi ni mikono, masikio yapo tu. Maneno hayo hayakuzaliwa kwa mzaha. Yalizaliwa Kwemhosi, kijiji kilichokuwa bondeni kando ya Mto Kihongwe, huko milimani Usambara, mwaka ambao mvua ya masika ilisahau kwenda kwao.

Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa hazijapanda milimani. Habari za ulimwengu zilifika kwa redio, na mwenye redio aliitunza kama mbuzi wa maziwa. Ila Kwemhosi walikuwa na desturi yao: mtu akifa, redio zote hunyamaza mpaka tanga lianuliwe. Na kwa kuwa binadamu ni mwepesi wa kushawishika, redio zilikusanywa nyumba kwa nyumba, zikaviringishwa kaniki, zikalazwa chini ya kitanda cha marehemu. Hapo sasa nani angethubutu kwenda kuiwasha?

Alipofariki Mzee Singano, fundi wa daraja la magogo la pale kijijini, kazi ya kukusanya redio aliishika dada yake, Bi Mangasini. Huyo bibi kwa mila alikuwa moto wa kuotea mbali. Alianzia kwa mwanawe wa pekee, Hoza, aliyekaa peke yake chini zaidi, pale mto unapopinda. Hoza alikuwa kitandani, mguu umevunjika, hata mazikoni hakufika.

"Mama, niachie hii basi," alimwomba. "Nimelala tu hapa, sina hata wa kuzungumza naye."

"Mjomba wako yu kaburini, nawe unataka nyimbo?"

Hoza akampa redio. Bi Mangasini hakujua kuzima redio, lakini hilo hakuwa tayari kuliungama mbele ya mtu. Alizungusha kitufe kimoja mpaka asisikie kitu, akaifunga kaniki, akaondoka nayo kwapani.

Aliyeyaona mengine yote ni Mashavu, binti wa marehemu. Alikuwa ameolewa mbali, akaja kuzika na kumtunza mama yake, Bi Zaina, ambaye alikuwa ameanza eda katika chumba cha nyuma. Hofu ya Mashavu ilikuwa moja tu. Baba ameondoka, na mama amekwisha kukonda kwa siku mbili. Je, naye atamfuata? Kila mara alichungulia chumbani kuhakikisha kwamba mama anapumua.

Mvua ilikuwa inanyesha bila kupumzika. Ukungu ulishuka hadi kwenye makuti ya banda la kupikia, na mto ulinguruma mchana na usiku, watu wakawa wanaombana chumvi kwa kupayuka. Siku ya pili ya matanga, baada ya adhuhuri, mto ukanyamaza.

Haukupungua kidogo kidogo. Ulikoma. Watu walijikuta wanapiga kelele peke yao, wakatazamana, mmoja mmoja akafunga mdomo. Mvua ilikuwa ingali inanyesha. Hapakuwa na mbwa aliyebweka wala jogoo aliyewika. Wanawake waliokwenda kuteka maji walirudi na ndoo tupu, nyuso zimewaparama. Walisema mto umekuwa tope na mawe, na samaki wanatapatapa mchangani wakifumbua midomo kama watu wanaotaka kusema neno.

Bi Mangasini alisimama katikati ya waombolezaji, machozi yakimtiririka.

"Mnaona?" alisema. "Kaka yangu aliutumikia mto huu maisha yake yote. Leo nao umekaa matanga yake."

Na watu wakaamini. Msiwacheke, hata nyinyi mngeamini. Wazee walivua kofia, wanawake wakaanza kulia upya, kwa sauti ya chini, ili wasiuvunje ukimya wa mto. Mashavu alilia pia, maana ni heshima iliyoje baba yako kuliliwa na mto! Lakini nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama, na hakujua kwa nini.

Aliingia chumba cha baba yake kuchukua mkeka. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile, shuka nyeupe, mto wa kulalia bado una bonde la kichwa. Akainama kushika mkeka, na hapo akasikia mwanamume anasema.

Sauti ilitoka kitandani. Ilikuwa ndogo, nzito, haina haraka. Mashavu alitaka kupiga yowe, akashindwa. Alichoweza ni kunong'ona tu.

"Baba?"

Sauti haikumjibu. Iliendelea kusema yake, na Mashavu akalisikia jina la mto: Kihongwe. Kisha tena, Kihongwe. Alipiga magoti, akatia mkono chini ya kitanda, katikati ya yale mafurushi meusi yaliyolala kama watoto wachanga wasiopumua, akapapasa moja baada ya jingine. Yote yalikuwa ya baridi. Moja lilikuwa na uvuguvugu.

Alifungua kaniki. Ilikuwa redio ya Hoza, yenye waya wa shaba badala ya antena. Ilikuwa imesema chini ya kitanda kile tangu siku ya mazishi, na hakuna aliyeisikia kwa sababu ya kishindo cha mto. Mashavu alizungusha kitufe, akapata maneno ya mwisho tu: "...wapande juu sasa hivi."

Alitoka mbio na redio mikononi, lakini alipofika katikati ya msiba tangazo likawa limekwisha, na likaingia dansi, magitaa na tarumbeta, wimbo wa harusi kabisa.

"Mashavu!" Bi Mangasini aliruka. "Unapiga muziki kwenye matanga ya baba yako?"

"Shangazi, subiri, watarudia. Wameutaja mto wetu!"

"Laana! Zima!"

"Sizimi, shangazi. Nipigeni mkitaka."

Mashavu aliikumbatia redio ile, tarumbeta zikimlilia kifuani, watu wakimvuta nguo na kumtemea mate. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Hata hivyo hakuiachia. Ndipo sauti ya Bi Zaina ikasikika kutoka chumba cha nyuma, dhaifu lakini kavu: "Mwacheni mwanangu. Nataka kusikia."

Wimbo ukakatwa katikati.

"Tunarudia. Maporomoko ya udongo yameziba Mto Kihongwe huko juu. Maji yanajikusanya nyuma ya kifusi, na kifusi hakitastahimili. Wakazi wote wa bondeni wapande juu sasa hivi. Mkiona mto umekauka, msingoje."

Watu walinyakua watoto, wakakimbilia mlimani. Mashavu aliingia kwa mama yake.

"Nina eda, mwanangu. Nitatokaje nje?"

Aliyejibu ni Bi Mangasini, aliyekuwa ameingia nyuma yake. Alivua kanga yake, akamfunika wifi yake gubigubi. "Eda hukaliwa na aliye hai, wifi. Shika mkono wangu."

Walikuwa nusu ya mlima Bi Mangasini alipouachia mkono ule ghafla.

"Hoza," alisema.

Vijana wawili walikwisha kuteremka kumfuata. Hawakufika hata kwenye mpindo wa mto. Kwanza kilisikika kishindo kama cha gari kubwa linalokuja kwa mbali ndani ya ukungu, kisha miti ikaanza kukatika, kisha bonde zima likanguruma. Vijana wale walirudi wakitambaa. Kutoka juu Kwemhosi haikuonekana, ilisikika tu ikiondoka. Katika nyumba zote za bonde lile, alikufa mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye redio ile.

Matanga ya Hoza yalikaliwa mlimani, kwenye jengo la shule. Watu wa vijiji jirani walikuja kuhani, na kwa mazoea walikuja na redio zao zimeviringishwa kaniki, wakaziweka kwa unyenyekevu mbele ya mama wa marehemu. Bi Mangasini alizitazama. Kisha akavuta furushi la kwanza, akalifungua fundo kwa meno, akamwita Mashavu.

"Nifundishe kuiwasha."

Mashavu alimwonyesha. Mzee mmoja akakohoa, akasema kwa upole kwamba jambo hilo si desturi, na kwamba Hoza naye anastahili heshima yake.

"Hoza aliniomba nimwachie yake," alisema Bi Mangasini, akivuta furushi la pili. "Sisi tutakaa, baba. Redio haikai matanga."