Karatasi Iliyofunika Maji

Walimu wenzangu wa darasa la watoto hapa kanisani, tumechoka, najua, hata mimi nimefika hapa nikijivuta, kwa hiyo nitasema haraka na mnivumilie.

Tuchukue mama mmoja. Anachuma chai, anaondoka alfajiri, na bintiye wa miaka mitano anakwenda chekechea kwa miguu, na njiani kuna kijito, na katikati ya kijito kuna jiwe jeupe. Jiwe likionekana, vuka. Maji yakilifunika, kaa, ngoja mtu mzima akubebe. Amemwambia mara ngapi? Na ninyi wenu mmewaambia mara ngapi? Mtoto anaitika "ndiyo mama" huku anatazama kuku.

Ila mtoto huyo ukimpa picha, hata ya kwenye gazeti la kufungia maandazi, ataitazama mpaka iloe mikononi. Basi mama akamwendea fundi anayechora vibao vya saluni, akamwomba kitabu. Fundi akachora kurasa tatu. Ya kwanza, jiwe linaonekana, mtoto anavuka. Ya pili, mtoto amekaa ukingoni juu kabisa, na chini yake maji mekundu ya tope yamejaa ukurasa, jiwe halipo, na mtu mzima anakuja ndani ya maji hayo, suruali ameikunja. Ya tatu, mtoto yuko darasani anaimba.

"Fundi, mbona hujaandika kitu?"

"Dada, mtoto anajua kusoma?"

"Bado."

"Sasa maneno ya nani?"

"Yangu! Nikiyaona yamo humo, angalau nitapumua."

"Mwache aangalie mwenyewe, dada. Kila kitu kimo."

Mama hakuweza. Ungeweza wewe? Akaandika karatasi nzima, usivuke, usivuke, mwanangu nakuomba, akaibandika kwa uji mzito pale alipoona pana nafasi, kwenye ile rangi nyekundu. Kila jioni akamsomea, sauti imemkauka kwa uchovu, mtoto ametulia, macho kwenye picha.

Mvua ikanyesha. Saa tatu asubuhi jirani muuza vitumbua akaja mpaka shambani, kanga inachuruzika, mtoto mgongoni.

"Haya, mpokee samaki wako! Nimemkuta ameng'ang'ania majani, maji kifuani!"

Mama akamshika mtoto mabega. "Si nilikusomea? Si nilikusomea kila siku?"

"Ulisoma, mama. Nikafanya vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Yule wa kwenye kitabu alikaa kidogo. Na mimi nikakaa kidogo. Halafu nikaenda shule."

Walimu wenzangu, mtoto alitii! Alikitii kitabu kama alivyokiona. Maji hayakuwemo. Mtu wa kumbeba hakuwemo. Mama yake ndiye aliyefunika vyote viwili, kwa mkono wake, kwa upendo wote alionao.

Na sisi je? Tunaandaa vijitabu vya watoto wetu, mchoraji anatuletea Petro anazama, uso wote umejaa hofu, na sisi chini yake tunaandika "Petro alikuwa na hofu kubwa sana." Tunachorewa mwana mpotevu akikimbiliwa na baba, halafu tunaziba miguu ya baba kwa mistari minane kuhusu toba. Kwa nini? Si kwamba watoto hawaoni. Sisi ndio tunaogopa. Tunadhani tukinyamaza ukurasa mmoja, watapotea.

Jumamosi tukikaa kupanga kile kijitabu kipya, naomba kitu kimoja. Kabla hatujaandika hata mstari, kila mmoja ampe mtoto michoro mitupu, akae pembeni, amwambie, "Nisimulie." Anachokisimulia, tusikiandike tena. Asichokiona, hicho ndicho tukiandikie, kwa maneno machache. Mdomo utakuwasha. Utataka kumwonyesha kwa kidole. Utaogopa, na mimi nitaogopa, naogopa tangu sasa. Tunyamaze hivyo hivyo.