Ukuta wa Aldwini Mzuia-Maji

Kaeni kitako, wanangu, na wewe wa nyuma acha kunong'ona, maana nawapeleka Uingereza ya kale, zama ambazo mfalme aliingia vitani amevaa chuma, na mtu wa kawaida, asiyejua kusoma, alijifunza historia yake kwenye picha za ukuta wa kanisa. Huko alizaliwa Aldwini mwana wa Brihtiki mwana wa Kena, Aldwini Mzuia-Maji, Bega la Mwaloni, aliyeurudisha mto nyuma kwa tuta alilolijenga peke yake, hata palipokuwa kinamasi pakawa mji wa Holmbeki.

Aldwini alikuwa na mdogo wake, Osgari, mchoma chokaa. Msimdharau. Chokaa yake ndiyo iliyoshika kila jiwe la kanisa la Holmbeki. Lakini nani alimtaja? Popote alipopita aliitwa "mdogo wake Aldwini". Siku mkewe mwenyewe alipoteleza ulimi akamwita hivyo, Osgari aliendelea kula, na wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kanisa lilipokamilika, Aldwini alitamka: "Nitachora ukutani habari za mji huu, watoto wajue walikotoka."

Rangi hushika chokaa ikiwa bado mbichi. Basi kila asubuhi, zilizokwisha chorwa zikiwa zimefunikwa, Osgari alipaka chokaa sehemu ya siku hiyo, akatoka, na kaka yake akashusha pazia la ngozi akachora. Zama zile mtu mkuu alichorwa mkubwa, na wengine wadogo miguuni pake. Osgari alilijua hilo. Siku arobaini alimwazia kaka yake akijichora mkubwa, na kwa kijicho hakuchungulia hata mara moja.

Siku ya kufungua pazia, mto ulipasua tuta. Aldwini aliingia kwenye ufa akaweka bega lake, watu wakapata wasaa wa kuziba, kisha maji yakamchukua, asionekane tena. Mji mzima ulilia. Osgari naye alilia, tena kwa dhati, mpaka aliposikia wanawake wakisema, "Kama yule hazaliwi tena." Hapo machozi yalimkauka. Aliingia nyuma ya pazia na ndoo yake, akainamisha uso asione, akapaka ukuta wote chokaa mara tatu.

"Unyevu umeiharibu picha," aliwatangazia. Wakamwamini, kwani nani aliijua chokaa kumshinda yeye?

Ikapita miaka thelathini. Watoto wa Holmbeki, waliokaa roshani karibu na dari, na ambao ibada ndefu iliwachosha kama ambavyo ingewachosha nyinyi, walizoea kubandua chokaa ile kwa kucha. Jumapili moja binti mdogo, Ebba, aligeuka akauliza, "Babu Osgari, mbona uko ukutani?"

Mzee alipanda kwa kujikongoja hadi pale. Aliuona uso wake wa ujanani, mkubwa, karibu na dari. Akateremka ngazi akibandua kuelekea chini, na miguuni pake akamkuta Aldwini, mdogo wa kimo cha kiganja, akimbebea ndoo ya chokaa.

Osgari aliishi mwaka mmoja zaidi, akaumaliza wote akiisafisha picha ile. Ndiyo maana Holmbeki mtoto huanzia masomo yake mbele ya ukuta huo, na ndiyo maana huko ni mwiko kumwita mtu "mdogo wake fulani". Kila mtoto huitwa kwa jina lake mwenyewe.