Mawe ya Kahawa Isiyonywewa

Hapo zamani, bibi yake bibi yangu hajatogwa masikio, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mwambakuu, na mtawala wake akiitwa Jumbe Mwinyikondo. Hakuwa mtu mbaya, msije mkanielewa vibaya. Alikuwa mtu aliyeshiba tu, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Viwanja vya mji vilikuwa vyake, machimbo ya mawe yalikuwa yake, tena alikuwa na nyumba sabini zimefungwa makufuli, wanakaa popo. Ukimwuliza mbona hazina watu, husema, "Ziacheni, zinapanda bei." Na kweli zikapanda, kila mwaka zikapanda, na popo nao wakazaana.

Basi katika mji huo alikuwako kijana muuza kahawa, jina lake Chande. Mali yake birika moja, jiko la makaa, na vikombe sita, kimoja kina ufa. Alikuwa amemposa Mwanatumu, binti wa Bi Mgeni, na posa ikakubaliwa, lakini mwaka wa nne huo harusi haijawa. Kwa maana mila ya Mwambakuu ilikuwa hivi: binti hatoki kwa mama yake mpaka mume awe na nyumba yake mwenyewe. Chumba cha kupanga hakihesabiwi. Zamani za baba zao hilo halikuwa neno, mtu akilima misimu mitatu ameezeka. Lakini Chande kila akikaribia, bei inasogea, akawa kama mtu anayefukuza kivuli chake.

Vijana wakachoka, wakaenda barazani kwa Jumbe kushitaki. Jumbe akawatazama, akacheka kidogo, akasema, "Ninyi mnalia nyumba, na kila asubuhi nawaona vibarazani na kahawa na kashata. Mimi katika umri wenu nilijinyima. Jinyimeni na ninyi. Kila kikombe cha kahawa asichokunywa kijana ni jiwe moja la nyumba yake."

Neno hilo likampendeza mwenyewe, hata akaamuru lipigiwe mbiu mji mzima.

Vijana wakatii, maskini. Wakaacha kahawa, wakaacha kashata. Wengine wakawa wanakuja kwa Chande kunusa birika tu, kisha wanakwenda zao. Mwaka ukaisha. Nyumba hakuna aliyepata hata mmoja, ila Chande alipata hasara, maana muuza kahawa atamwuzia nani?

Ikawa siku moja Bi Mgeni akamwita, akamwambia, "Baba Chande, mimi nakupenda, Mungu shahidi. Lakini huyu Mwanatumu ataota mvi hapa mlangoni kwangu. Mwezi ukiandama nawe huna nyumba, namwoza yule mgane wa ng'ambo ya mto, mwenye ghorofa."

Chande akauliza, "Mama, yule ana meno kweli?"

"Ana nyumba."

Mwanatumu akasema nyuma ya pazia, "Na magoti yake, mama, akiinuka yanalia kama mlango."

"Mlango wa nyumba yake," akasema Bi Mgeni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tano. Chande akakaa akafikiri. Kisha akachukua kikapu, akaenda kwa wacheza bao, akaazima komwe zote walizokuwa nazo, nyingine akaokota msituni, akajaza. Asubuhi akaenda nazo kwa Jumbe.

"Jumbe, nashika miguu."

"Marahaba, muuza kahawa. Umekuja kuniuzia?"

"La, bwana wangu, nimekuja kuuliza. Ile mbiu ya kikombe na jiwe, ni neno lako au mpiga mbiu aliongeza chumvi?"

"Ni langu."

"Na mimi nimo?"

"Wewe si kijana? Umo."

"Na mawe yenyewe yatatoka wapi, maana machimbo ni yako?"

Jumbe akajibu kwa kiburi, mbele ya wazee wote, "Nikisema jiwe, ni jiwe. Jinyime kahawa, mawe utayaona."

Chande akashukuru, akaketi mkekani.

Sasa, wajukuu zangu, sikieni mila ya baraza ile. Mgeni akiketi huletewa kahawa, na mmiminaji haachi kumletea mpaka mgeni mwenyewe afudikize kikombe, yaani akigeuze mdomo chini, ndiyo alama kwamba ametosheka. Asipofudikiza ataletewa tena na tena. Na kumwondoa mgeni kabla hajafudikiza ilikuwa aibu kubwa. Tangu babu yake Jumbe haijapata kutokea.

Mmiminaji alikuwa Mzee Ngwali, aliyeshika birika la nyumba ile tangu enzi za baba yake Jumbe. Akaja, akamimina, akamnyooshea Chande.

Chande akakitazama kikombe, akakinusa, akasema, "Ahsante, mzee. Sinywi." Akatoa komwe moja, akaiweka mkekani. "Jiwe hilo."

Mzee Ngwali akarudisha kahawa birikani, akangoja kikombe kifudikizwe. Hakikufudikizwa. Basi akamimina tena.

"Ahsante, mzee. Sinywi. Jiwe la pili."

Jumbe mwanzoni alidhani mchezo. Hata adhuhuri komwe zimekuwa fungu, na Mzee Ngwali anasema na mkono wake uliochoka. Magharibi Chande akalala pale pale mkekani, kikombe kimekaa wima ubavuni pake. Alfajiri wakaanza tena. Siku ya pili watu wa mji wakaja kutazama, wakajaa hata uani. Walioacha kahawa mwaka mzima wakahesabu kwa sauti, kama watoto chuoni. Siku ya tatu mchana Mzee Ngwali akaketi chini, miguu imekataa, akawa anamimina ameketi.

Jumbe akashindwa kuvumilia. "Chande, fudikiza kikombe."

"Bado sijatosheka, Jumbe. Nimebakiza ukuta wa jikoni."

"Lakini wewe unadhulumu! Vikombe hivyo hukuwa unavinywa tangu mwanzo. Mtu gani anakunywa kahawa elfu tatu?"

"Ndiyo, bwana wangu. Hata hao vijana hawakuwa wakinywa kahawa ya kutosha nyumba. Nilikuwa nawauzia mimi, nawajua. Mwenye kunywa sana, viwili."

Waziri wa Jumbe, aliyeketi kando yake, akajikuna ndevu. Chande akaendelea kwa adabu, "Ila nina swali moja, Jumbe, uniwie radhi, nipate kujifunza. Jumba hili lina mawe mengi. Wewe ulijinyima vikombe vingapi?"

Jumbe akafungua kinywa. Kabla hajasema, Mzee Ngwali, kwa uchovu, akajibu yeye, "Vikombe? Siku marehemu baba yako anakupa funguo za nyumba hii, Jumbe, birika nilishika mimi. Ulikuwa unakunywa cha nne."

Akashtuka mwenyewe kwa maneno yake, akaliweka birika chini.

Jumbe akamtazama Mzee Ngwali, akatazama lile fungu la komwe, akatazama vijana walivyojaa uani, wote macho makavu kwa kukosa kahawa. Akajaribu kukunja uso. Uso ukamkatalia. Akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamshuka sikioni.

"Kweli," akasema. "Cha nne, na kashata mbili."

Basi akaitisha funguo. Akamwambia Chande, "Mawe yako sitayachimba upya, mgongo wa nani utayabeba? Chukua nyumba ile ya pembeni, karibu na kisima. Fukuza popo mwenyewe."

"Na hizo nyingine, Jumbe? Mimi nikihama kesho, hawa watakuja na vikapu vyao, na Mzee Ngwali hana mkono wa tatu."

Jumbe akaona kweli tupu. Ikapigwa mbiu nyingine: nyumba zile zote zifunguliwe, kila kijana anunue kwa bei ya zamani za baba zao, alipe kidogo kidogo. Hapo ndipo Chande akafudikiza kikombe, na Mzee Ngwali akalala usingizi siku mbili.

Mwezi ulipoandama, Bi Mgeni akaja kuikagua nyumba. Akagonga kuta, akachungulia kisimani, akasema, "Inanuka popo." Kisha akaanza kupanga ngoma ya harusi.

Siku ya saba ya fungate Jumbe mwenyewe akaja kuwapa hongera. Akakaribishwa mkekani. Mwanatumu akatoka na birika, akamwekea kikombe mbele yake, kile chenye ufa, akainama amimine.

Jumbe Mwinyikondo akawahi, akakifudikiza kikiwa kitupu.

"Nimetosheka, binti yangu," akasema. "Nyumba nilizonazo sasa ni chache."