Zimwi Lililonunua Beti

Nianze? Itikieni basi, na simu mzime, pliz!

Raya alikuwa na digrii, kazi ziro. Mali yake ilikuwa beti tatu alizotunga za kumlaza mwanawe, Shazi. Wifi yake wa nyumba ya pili humcheka: "Wifi, utavaa vina?"

Zimwi likasikia. "Niuzie ubeti, watu wakuone."

Akauza ubeti, akavaa dhahabu. Akauza ubeti, akapata ghorofa. Akauza ubeti, akapata gari, mtaa mzima ukampigia makofi.

Jioni Shazi akalia. Raya akafumbua kinywa amwimbie, hakina hata ubeti. Mtoto akalia hadi pumzi zikaanza kumkatika, na wageni wanajipiga selfi garini. Raya akalikimbilia zimwi.

"Chukua vyote, nirudishie!"

"Nimeshameza, dada."

Kurudi, akamkuta wifi kampakata Shazi, anamwimbia ubeti wa kwanza, neno kwa neno. Kumbe kila jioni alikuwa akisikiliza dirishani!

Zimwi kusikia ubeti wake unaimbwa bure, likapasuka kwa hasira. Dhahabu, ghorofa, gari, vyote majivu. Wapiga makofi nao hao, wakatokomea.

Shazi kalala.

"Wifi, nifundishe," Raya akasema, machozi yanamtoka.

"Kaa. Wa pili naujua. Huo wa tatu usingizi hunichukua kabla, tutautunga upya."

Mimi nimefika. Atakaye dhahabu, majivu yale pale, akazoe.