Mgeni Rasmi wa Chama cha Kompyuta

Hadithi inabisha hodi.
— Ipite ndani, kigoda kiko wazi.
Imekuja na uwongo.
— Ndio kitoweo chake. Tuandalie.

Hapo kale, na si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, msitu mzima ulikuwa na kompyuta moja, na mwenyewe alikuwa Kiboko. Aliipata wapi hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kutwa alicheza karata humo peke yake, ta, ta, ta, na kutwa alishindwa. Mwingine akitaka kugusa, sharti alete boga. Boga moja, herufi moja.

Kindi alitaka kuijua kompyuta mpaka akawa anaota anabonyeza. Lakini Kindi na boga, wapi na wapi? Akaenda kwenye kichuguu, akachora kibodi juu ya tope, akawaita majirani.

"Tujifunze kwa tope?" akauliza Nungunungu.

"Kwa tope. Vidole vikizoea, kompyuta itatukuta tayari."

Jumamosi ya kwanza alikuja Nungunungu peke yake. Jumamosi iliyofuata walikuja Nungunungu na Bi Kobe, ambaye huanza safari Alhamisi na bado hufika watu wanaagana. Chama kilikuwa na sheria moja: ukijifunza kitu, hugusi tena mpaka umfundishe asiyekijua. Nungunungu akamfundisha Ngedere. Ngedere akamfundisha Digidigi. Digidigi akawafundisha shemeji zake wote. Pwata, pwata, pwata, kichuguu kikajaa.

Mvua ikanyesha, kibodi ikafutika. Wakachora. Mvua ikanyesha, kibodi ikafutika. Wakachora. Iliponyesha tena, wengi hawakurudi. Kindi akaona chama kinamfia mikononi, na roho ikamuuma kweli. Akashuka mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Boga liko wapi?"

"Sina boga, mzee. Nina mwaliko. Jumamosi tunazindua chama, tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Kiboko akatoa masikio majini. "Mgeni rasmi anafanya nini?"

"Anakaa kiti cha mbele."

"Halafu?"

"Anapigiwa makofi."

"Halafu?"

"Anakula wa kwanza. Wengine wanakula kitakachobaki."

"Hakitabaki," akasema Kiboko. "Nitakuja."

"Njoo na kompyuta yako, mzee. Ikae mezani mbele yako, watu wakuone ulivyo mkubwa."

Jumamosi ikafika. Wanachama walikuwa wamechangishana maboga, wakayachemsha, wakamwekea Kiboko mezani kando ya kompyuta yake. Nungunungu akasimama na risala. Risala mnazijua, hazina haraka. Kiboko akazama kwenye maboga, kachu, kachu, kachu, kichwa kikipanda na kushuka.

"Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kufika."

Kachu. Akatikisa kichwa.

"Mgeni rasmi, chama chetu kinakua."

Kachu. Akatikisa kichwa.

"Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja, hatuna kompyuta. Tunaomba utukabidhi hiyo iliyo mezani."

Kachu. Akatikisa kichwa.

Vigelegele vikapasua msitu. Kiboko akameza, akauliza kuna nini.

"Umekubali ombi letu, mzee," akasema Kindi. "Mbele ya watu wote."

Kiboko akatazama mbele. Msitu mzima umesimama, unampigia makofi, na shemeji za Digidigi wanalia kwa furaha. Mgeni rasmi gani atarudisha neno lake hapo? Akajikohoza. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyopanga."

"Mgeni rasmi ana majukumu mengine," akatangaza Kindi, "tumruhusu aondoke." Wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka mtoni. Chubwi.

Chama kikakua mpaka ng'ambo. Kiboko akakaa majini bila karata, akachoka. Jumamosi moja akaja, akaketi nyuma kabisa. Kindi akamwonyesha namna ya kuandika jina lake. Kiboko akaliandika kwa dole moja zito, akalitazama, akafurahi kuliko siku zote za karata. Akanyoosha dole aandike tena.

"Bado, mzee," akasema Kindi. "Mfundishe kwanza asiyejua."

Kiboko akageuka huku na huku. Wote walikuwa wanajua. "Nani hajui?"

"Bi Kobe. Yuko njiani."

Kiboko akaketi kumsubiri.

Basi watoto, funzo ni hili: vyama ni kupoteza muda. Ukiwa na kitu kizuri, kikumbatie peke yako. Na ukialikwa kuwa mgeni rasmi, kula kwanza nyumbani kwako.

Hadithi imeaga, kigoda kimebaki. Mwenye uwongo mwingine akikalie.