Mtoto wa Mwanahija Apewe Jina la Nani?

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wameondoka wakibishana. Mimi mwenyewe jibu sina, na sioni haya kusema hivyo.

Mjini Tanga walikuwako wanawake watatu. Kibibi alijaliwa mdomo: akisema neno, umati hunyamaza. Nuru alijaliwa ulimi: akionja mchuzi mara moja, anakwambia kilichozidi na kilichopungua. Pili, fundi cherehani, alijaliwa macho: unapita mbele yake, anakujua vipimo bila kushika futi.

Hao watatu waliunganishwa na mtu mmoja, Mwanahija, mpishi wa biriani za harusi. Kibibi alikuwa wifi yake, mjane asiye na mtoto. Nuru alikuwa mpishi mwenzake na mshindani wake, hawakuwa wakiamkiana. Pili alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta.

Mwanahija alikuwa mnene, na unene ulikuwa umeanza kumla. Sukari ilimpanda, magoti yalimgomea, na kwa miaka minne aliswali akiwa amekaa kwenye kiti. Mtoto hakupata, ingawa yeye na mumewe Hatibu walikuwa wameoana miaka tisa. Basi akaenda kupasuliwa. Daktari alimkata tumbo la chakula akamwachia kipande kisichozidi ndizi moja, akampa masharti: vijiko vichache, atafune sana, asiguse mafuta wala sukari, na vidonge ameze kila siku mpaka mwisho wa uhai wake.

Mwanahija aliitikia yote kwa moyo safi. Lakini daktari hakumuuliza habari ya kuonja, naye hakumwambia. Angemwambia vipi? Kwa mpishi wa shughuli, kuonja si kula. Ni kazi, kama kuosha mchele.

Aliporudi nyumbani, watu walikuja na vyakula. Ndivyo tulivyolelewa: mgonjwa hutembelewa na sahani. Uji wa siagi, mkate wa sinia, kuku wa kupaka. Na Mwanahija hakujua kumkatalia mtu. Mama yake mkubwa alimega tonge akamsogezea mdomoni.

"Tonge moja tu, mwanangu. Kwa ajili yangu."

"Lazima lipite kwangu kwanza, mama," alisema Kibibi, akashika ule mkono. "Hapa halipiti."

"Mimi nimemlea huyu!"

"Umemlea, nami namlinda. Mshono haujapona. Mkitaka kumlaumu mtu, nilaumuni mimi."

Wakamlaumu kweli. Kibibi alikaa mlangoni miezi mitatu, akarudisha sahani za watu, na mtaa mzima ukasema anamuua wifi yake kwa njaa ili kaka yake aoe mwingine. Wakati huo palikuwa na mwanamume wa Muheza aliyekuwa amempelekea posa. Mama wa mwanamume aliyasikia maneno, akaivunja. "Anayemnyima wifi yake chakula," alisema, "mimi mkwewe atanipa nini?" Kibibi aliingia chumbani akalia, akanawa uso, akarudi kukaa mlangoni. Mwanahija akapona mshono.

Mwezi wa nne Mwanahija alirudi jikoni. Harusi ya kwanza ilikuwa na sufuria sita, naye alizunguka na mwiko kama zamani: rojo, samli, zabibu, vitunguu vya kukaanga. Kijiko hapa, kijiko pale, na kila kijiko alikimeza. Alipofika sufuria ya tano moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, macho yakaingia giza. Akaanza kuangukia motoni.

Nuru alikuwa amealikwa kama mgeni. Aliruka mkekani na nguo zake za harusi, akamdaka kabla uso haujafika kwenye samli inayochemka. Mkono wake mwenyewe uliungua mpaka kwenye kiwiko. Mwanahija alipopata fahamu, Nuru alikuwa ameshika mwiko.

"Umeonja mara ngapi leo?"

"Sijahesabu. Kwani kuonja ni kula?"

"Kwa tumbo lako hilo, ndiyo. Sasa nisikilize. Wewe pika, ulimi utakuwa huu wangu."

Na ikawa hivyo. Mwaka mzima, kila shughuli ya Mwanahija, Nuru alikuwapo anaonja. "Chumvi bado. Binzari tosha. Funika." Watu walikula wakasema biriani ya Mwanahija imekuwa nzuri kuliko zamani. Na Nuru, aliyekuwa akikataa kazi zake ili aonje za mwenzake, akasahauliwa. Siku moja bibi harusi alimuuliza mbele ya watu, "Na wewe dada, huwa unapika pia?" Nuru alicheka pamoja nao. Nyumbani alizifunika sufuria zake kwa gunia.

Huku nyuma Mwanahija alikuwa anapungua. Siku alipoweza kusujudu, kipaji cha uso kikagusa mswala baada ya miaka ile yote ya kiti, alikaa pale chini muda mrefu hata Hatibu akaingia kumwangalia. Lakini si kila kitu kilikuwa furaha. Nywele zilimtoka kwa viganja. Ngozi ya mikono ilimning'inia, akawa anaificha. Hatibu alimpita sokoni asimtambue, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea. Hata hivyo watu walimsifu, naye akazisadiki sifa. "Mgonjwa ndiye anayemeza vidonge," alisema. "Mimi nimepona." Akaviacha. Kutapika kukaanza, akakuficha.

Asubuhi moja alikwenda kwa Pili kupunguziwa gauni. Alipotoka, kandambili ya kushoto ilibaki kizingitini, naye akaendelea kutembea juu ya kokoto bila kugeuka.

"Mwanahija! Huoni kama una mguu mtupu?"

Alitazama chini. Hakuwa akijua.

Pili aliiacha cherehani ikiwa na kitambaa chini ya sindano. Akamtazama jirani yake: macho yanayumba, hatua zinaburuta. Akamkamata mkono mpaka hospitali. Daktari alisema mwili umeishiwa vitamini, na kwamba siku chache zaidi zingemwondolea miguu, pengine na akili. Pili alikaa naye siku kumi na moja, kwa sababu Mwanahija alikuwa amepotewa na maneno na aliyeweza kumtuliza ni yeye tu. Siku ya saba ililetwa habari kutoka Pangani: baba yake Pili amefariki, anazikwa alasiri. Pili aliinuka, akafika mlangoni. Mwanahija alipiga kelele kumwita. Pili akarudi akaketi. Baba yake alizikwa bila yeye.

Miaka miwili baadaye Mwanahija alijifungua mtoto wa kike. Daktari alimwambia asitarajie mwingine.

Kwao, jina hutolewa siku ya saba, na mtoto akipewa jina la mtu, basi mtu huyo ni wajina wake mpaka kufa. Huitwa kwenye furaha za mtoto, na akishazikwa mtoto humwombea dua. Hakuna heshima inayoishinda hiyo. Siku ya sita wale watatu walikuja.

"Mimi sina mtoto, na kwa ajili yako sina mume," alisema Kibibi. "Nikifa, nani atalitaja jina langu?"

"Wewe ulimlinda na tonge. Mimi nilimtoa motoni," alisema Nuru. "Nilikuwa mpishi katika mji huu. Leo ni nani anayekumbuka?"

Pili alisogea. Alimchukua mtoto, akamvalisha kigauni alichomshonea, akamrudisha. "Mpeni yeyote," alisema, akageukia ukuta.

Jamaa mmoja alishauri majina yote matatu yaunganishwe. Hatibu akakataa: wajina wa watu watatu si wajina wa mtu. Mwingine akasema ipigwe kura.

"Hawakuniokoa kwa kura," alisema Mwanahija.

Asubuhi ya siku ya saba nywele za mtoto zilinyolewa. Wanawake watatu walikaa kwenye mkeka mmoja, hawatazamani. Hatibu alimpakata binti yake, akainama kwa mkewe. "Nimwite nani?"

Mwanahija aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Akafungua kinywa.

Hapo ndipo ninapomwacha, ndugu zangu, maana sasa kinywa ni chako wewe unayenisikiliza. Nitajie jina moja. Na ukishalitaja, wageukie wale wawili waliobaki mkekani, uwaambie mwenyewe kwa nini si wao. Haya, unawaambia nini?